Maswali ya Wasomaji: Kikombe cha Tumbo, Kipi kwa Shida Ipi

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: dawa ya mitishamba ya tumbo iliyo nzuri ni ipi? Swali hilo halijibiki jinsi lilivyo. Kiungulia, gesi, kuvimbiwa, choo kigumu na vidonda ni shida mbalimbali, na kinywaji kinachotuliza moja huchokoza nyingine. Kwa hiyo majibu yetu yanaanza na shida, mmea unafuata.

Kila baada ya chakula cha usiku nachemsha tangawizi, karafuu, mdalasini na pilipili manga, nakunywa kikombe kikubwa, kisha nalala. Gesi inatoka vizuri lakini kifua kinawaka mpaka alfajiri. Nakosea wapi?
*Mama wa watoto wanne, Tanga*

Kosa liko kwenye saa ya kunywa, na kwenye viungo viwili kati ya hivyo vinne. Mahali umio unapoingia tumboni pana msuli wa mviringo unaojifunga chakula kikishapita. Ukilala tumbo likiwa limejaa, na juu ya chakula umeongeza kikombe kikubwa cha maji, tindikali inapata njia ya kupanda. Karafuu na pilipili manga zinakuja kuwasha pale palipokwisha kuchubuka. Tangawizi yenyewe huharakisha chakula kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo, na ndiyo maana inawafaa wenye kuvimbiwa na wenye kichefuchefu. Lakini ikizidi nayo huleta kiungulia.

Punguza mchanganyiko. Chukua kipande cha tangawizi mbichi cha ukubwa wa kidole gumba, kama gramu 10, ukiponde kwenye kinu. Tia kwenye sufuria yenye kifuniko pamoja na maji vikombe viwili, uchemshe kwa moto mdogo dakika 10, kisha uepue. Sasa ndipo utie kijiko kimoja cha chai cha shamari iliyopondwa kidogo na punje 3 za iliki zilizopasuliwa. Funika tena dakika 10, uchuje. Kikombe kimoja ni cha baada ya chakula cha mchana. Cha pili kinywe mapema jioni: kama unalala saa nne usiku, saa moja kiwe kimeshanyweka, na chakula pia kiwe kimeshaliwa.

Wengi huchemsha kila kitu pamoja nusu saa nzima, sufuria wazi, halafu wanalalamika kwamba shamari ya siku hizi haina nguvu. Mizizi na magome ni migumu, huhitaji kuchemka. Mbegu kama shamari, uzile na kisibiti hupondwa kisha hulowekwa katika maji ya moto yaliyofunikwa, kwa sababu kinachotakiwa ndani yake ni mafuta ya harufu, na mafuta hayo hupanda na mvuke. Jiko zima likinukia shamari, dawa imeshaondoka. Majani laini kama mchaichai na mnanaa humiminiwa maji ya moto tu, dakika 5 hadi 10 zinatosha.

Kwa kuwa tumeutaja mnanaa: huo hulegeza misuli ya njia ya chakula. Kwa msokoto wa tumbo la chini hilo ni jema. Kwa mwenye kiungulia ni balaa, maana unalegeza na ule msuli wa mviringo tuliousema. Usibadilishe tangawizi kwa mnanaa ukidhani umepata kilicho baridi zaidi.

Mdalasini ubakishe ukipenda, ila angalia gome lake. Ule wa gome nene, gumu, lililojikunja mkunjo mmoja una kumarini, kemikali ya asili ya gome hilo, nyingi kuliko ule wa magome membamba yaliyofungana tabaka kwa tabaka kama msokoto wa karatasi. Kumarini ikinywewa kwa wingi kila siku huweza kuliumiza ini. Kijiti kidogo cha mara mojamoja hakina neno. Anayemwaga vijiko vya unga kila siku ndiye tunayemsema.

Na gesi yenyewe? Kabla ya kuitafutia dawa, itazame sufuria ya maharage. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Sukari fulani za kwenye maharage hazimeng'enywi na mwili. Vijidudu vya utumbo mpana ndivyo vinavyozichachua na kutoa hewa. Sehemu ya sukari hizo hutoka na maji ya kulowekea. Hilo litakusaidia kuliko kikombe chochote.

Nimetumia sanamaki miaka miwili. Nilianza mara moja kwa wiki, sasa ni kila usiku, na nikiacha siku tatu sipati choo kabisa. Je, utumbo wangu umekufa?
*Msomaji wa kiume, miaka 46, Mombasa*

Haujafa. Sanamaki ina viini vinavyopita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kufanya kitu. Vikifika utumbo mpana, bakteria wa huko huvikatakata, na hapo ndipo utumbo unaposukumwa kujikaza na kuacha kufyonza maji. Safari hiyo huchukua saa 6 hadi 12. Ndiyo sababu inanywewa usiku, na anayeongeza kikombe cha pili baada ya saa mbili kwa kuwa "haijafanya kazi" hujikuta asubuhi anaharisha na kukatwa na tumbo.

Sasa zile siku tatu. Sanamaki ikishafagia utumbo mpana wote, hapana kitu cha kutoka. Mtu anayekula chakula chenye makapi machache, yaani nyuzinyuzi zisizomeng'enywa, anahitaji siku mbili au tatu kuujaza tena. Wewe siku ya pili unaona kimya, unadhani umefunga choo, unakunywa tena, unafagia kile kidogo kilichokuwa kimeanza kukusanyika. Kwa namna hiyo dawa ya wiki inageuka dawa ya kila usiku, na utumbo haupati hata siku moja ya kuonyesha kwamba unaweza.

Kipimo halali cha mtu mzima ni gramu 1 ya majani makavu, takriban kijiko kimoja cha chai kisichojaa cha majani yaliyovunjwavunjwa. Unayamiminia maji ya moto nusu kikombe, unayaacha dakika 10, unachuja. Hatuoni maana ya konzi nzima kwenye birika, na ndivyo wengi wanavyofanya. Muda wake ni siku chache. Isizidi wiki moja bila ushauri wa daktari. Mkojo ukigeuka rangi ya kahawia au wekundu siku hizo, ni viini vya mmea huo. Ila choo chekundu au cheusi usikisingizie sanamaki.

Hatari ya kuitumia kila siku ni kupoteza madini ya potasiamu kwa njia ya choo chepesi. Dalili zake ni misuli kukakamaa, uchovu usio na sababu, na moyo kupiga bila mpango. Anayetumia furosemaidi au dawa ya presha inayokojoza, au digoksini ya moyo, asiiguse bila kumwambia daktari wake, kwani dawa za kukojoza nazo hutoa potasiamu, na digoksini huwa sumu potasiamu ikishuka.

Namna ya kuiacha: usikate ghafla. Punguza kipimo kwa nusu, ukae nacho wiki moja, kisha unywe usiku mmoja na kuruka mmoja kwa wiki ya pili, kisha uache. Wakati huohuo ongeza makapi kidogokidogo, maana ukiyaongeza kwa mkupuo utavimba tumbo: ugali wa dona badala ya sembe, maharage au kunde kikombe kimoja kwa siku, papai au embe, na maji ya kutosha. Ukwaju unasaidia: loweka nyama yake, kama vijiko viwili vya chakula, katika glasi ya maji usiku, ufikiche na kuchuja asubuhi, bila sukari nyingi. Kisha nenda chooni nusu saa baada ya kifungua kinywa hata kama hujisikii, kwa sababu chakula kikiingia tumboni ndipo utumbo mpana unapoamka. Kama choo chako ni cha kukalia, weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya kiuno. Wenye choo cha kuchuchumaa wanalipata hilo bure.

Una miaka 46. Ikiwa tabia ya choo imebadilika bila sababu, unapungua uzito, au unaona damu, nenda ukapimwe kwanza. Mambo ya dona yangoje.

Nyongeza kwa wale waliouliza kuhusu "chai ya kupunguza kitambi": soma kwenye pakiti, mara nyingi utaikuta sanamaki. Chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na sanamaki inaanza kazi mbele ya hapo, chakula kikiwa kimeshaingia mwilini. Mizani inashuka kwa maji uliyoyapoteza, na ukinywa maji inarudi.

Mtoto wangu ana wiki saba. Kila jioni analia saa mbili mfululizo akikunja miguu. Mavyaa anasema ni mchango na anataka nimpe maji ya shamari na asali kijiko kimoja. Nifanye nini bila kumvunjia heshima?
*Mzazi mpya, Unguja*

Usimpe. Asali ni marufuku kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja: huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo utumbo wa mtu mzima huzishinda, lakini kwa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia. Maji ya shamari nayo hukaa mahali pa maziwa katika tumbo dogo, na yasipochemshwa vizuri humletea kuharisha. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji matupu hayamo.

Kilio ulichokieleza, cha jioni, kwa mtoto anayenyonya na kuongezeka uzito, huanza wiki za mwanzo, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, na kwa wengi huisha mwezi wa tatu au wa nne. Kwa hiyo dawa yoyote inayopewa mtoto wa wiki nane "humponya" baadaye kidogo, na sifa hupewa mmea.

Kazi ya mavyaa ipo, tena kubwa, na hapo heshima yake inabaki. Mtoto akishanyonya, bibi ampokee amweke wima begani dakika 10 hadi 15 mpaka acheue. Amlaze kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa karibu na kiwiko, atembee naye. Amkunje miguu kwa zamu kama anayeendesha baiskeli. Nawe hakikisha mdomo wa mtoto umeshika sehemu kubwa ya duara jeusi la titi wala si chuchu tu, maana akishika vibaya humeza hewa.

Mkimbize hospitali akiwa na homa ya digrii 38 au zaidi, akitapika rangi ya kijani, akitoa choo chenye damu, tumbo likiwa gumu, au akikataa kunyonya.

Nimeambiwa nina vidonda vya tumbo. Muuzaji mmoja ameniuzia unga wa mizizi, nichanganye kijiko na uji siku 21, utaua vidonda vyote. Wiki ya kwanza maumivu yamepungua sana. Niendelee?
*Msomaji, Mwanza*

Kwanza, umeambiwa na nani, kwa kipimo gani? Vidonda vingi vina vyanzo viwili. Kimoja ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimtambua mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Cha pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Anayemeza diklofenaki ya mgongo kila siku na kunywa unga wa mizizi kila asubuhi anajenga ukuta huku anaubomoa.

Bakteria huyo hupimwa kwa kinyesi au kwa pumzi. Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili huitengeneza dhidi ya bakteria huyo, hakitoshi, kwa kuwa kingamwili hubaki muda mrefu hata baada ya kupona. Kabla ya kipimo cha kinyesi au pumzi, omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali, iwe imeachwa wiki 2 na antibiotiki wiki 4, la sivyo majibu yatasema huna wakati unaye. Akikutwa, matibabu ni dawa ya kupunguza tindikali pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, kwa kawaida siku 14 bila kuruka, kisha kupimwa tena si chini ya wiki 4 baada ya kumaliza. Hakuna mmea uliothibitika kummaliza bakteria huyo peke yake.

Mbona maumivu yamepungua? Sababu zinaweza kuwa nyingi. Maumivu ya vidonda huja na kuondoka yenyewe. Uji unapooza. Huenda unga una magadi au majivu, yanayozima tindikali kwa saa chache na kuacha mbweu na chumvi isiyomfaa mwenye presha. Lililo baya zaidi, katika nchi mbalimbali zimeshakamatwa dawa za mitishamba zilizochanganywa kwa siri na dawa za hospitali, zikiwemo za maumivu na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Zikiwa ni hizo, maumivu yanakaa kimya huku kidonda kinachimbika.

Hatusemi waganga wote ni matapeli. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza linalosajili watoa tiba na dawa zao. Muulize muuzaji namba ya usajili, jina la mmea, sehemu iliyotumika na tarehe ya kutengenezwa. Anayejibu "ni siri ya ukoo" mwachie siri yake.

Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu au kitu kama masimbi ya kahawa, ukipata maumivu makali ya ghafla tumbo likawa gumu, usingoje siku ya 21 wala kesho.

Baba ana miaka 70, ana kisukari, anameza glibenklamaidi na warfarini. Huku tunampa uwatu uliolowekwa kwa ajili ya choo. Kuna ubaya?
*Mswahili wa Muscat*

Uwatu kwa choo ni chaguo lenye akili: mbegu zake zina utelezi unaoshika maji na kulainisha kinyesi. Kijiko kimoja cha chai kulowekwa usiku katika kikombe cha maji, kunywewa asubuhi pamoja na mbegu, na glasi nyingine ya maji juu yake. Wasioongeza maji hupata kinyume, choo kinakuwa donge.

Lakini kwa mzee wetu kuna mambo mawili. Uwatu hushusha sukari, na glibenklamaidi hushusha sukari. Zikikutana kwa mzee aliyekula kidogo, anaweza kutoka jasho baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Kipimo cha sukari kiwepo nyumbani, na daktari aambiwe ili aangalie dozi. La pili, warfarini, inayozuia damu kuganda, ni dawa yenye wivu: uwatu, tangawizi nyingi, vitunguu saumu vingi na vidonge vya bizari ya manjano vinaweza kubadili uzito wa damu. Asianze wala kuacha kimojawapo bila kupimwa kipimo chake cha kuganda kwa damu wiki hiyo. Vilevile utelezi hukamata dawa: vidonge vipishane na uwatu kwa saa mbili.

Harufu tamu ya jasho na mkojo msiiogope, ni ya uwatu. Na mwenye mzio wa karanga au dengu awe mwangalifu, ni jamaa moja.

Mshubiri: nikate jani, nisage lote na maganda?
*Msomaji, Dodoma*

Hapana. Chini ya ganda kuna utomvu wa manjano, mchungu, wenye aloini; huo huharisha kwa nguvu kuliko sanamaki na huleta msokoto mkali. Marekani iliuondoa kwenye dawa za choo za kununua bila cheti mwaka 2002. Ukitaka ule ute wa ndani, simamisha jani lililokatwa dakika 15 utomvu udondoke, menya ganda lote, osha ute mpaka maji yasiwe na umanjano. Wajawazito na watoto wasiunywe kabisa.

Muarobaini unaua minyoo ya watoto?
*Baba, Morogoro*

Usijaribu kwa mtoto. Mafuta ya muarobaini yamewahi kuwatia watoto degedege na kuwaharibu ini, hata kwa kiasi kidogo. Albendazole ya miligramu 400, kidonge kimoja mara moja, ni rahisi na imepimwa. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 hupewa nusu. Vidonge havizuii minyoo kurudi, kwa hiyo viatu na choo safi vinabaki palepale.

Mukombero unafaa kwa hamu ya kula?
*Msomaji, Kakamega*

Kipande cha mzizi kikitafunwa kabla ya chakula huleta mate na harufu nzuri kinywani, na watu wa magharibi ya Kenya wanautumia hivyo tangu zamani. Hatuna ugomvi nao kwa mtu mzima mwenye afya. Nunua kwa anayeupanda, au acha sehemu ya mizizi ardhini, maana mzizi ukichimbwa wote mmea umekwisha.

Naweza kuchemsha tangawizi na shamari ya wiki nzima nikaweka kwenye chupa?
*Msomaji, Nairobi*

Ya siku mbili, na iwe kwenye friji. Maji ya mimea hayana kitu cha kuyahifadhi. Mezani yanaanza kuchacha siku ileile, hasa ukitia asali au sukari. Chuja kabla ya kuweka, kwa sababu makapi ndiyo yanayoanza kuharibika. Tumia chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji yanayochemka, na asali itie kikombeni wakati wa kunywa. Yakitoa povu, yakiteleza au yakinuka kama togwa, yamwage. Ukwaju na ndimu usivilaze kwenye sufuria ya alumini, maana tindikali hula chuma hicho. Mbegu kavu ndizo za kuweka akiba: nzima, ndani ya chupa yenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko, na uzipimie mgao wa siku hiyo tu ndipo uponde.